Jinsi ya kutengeneza chaneli ya ratiba nyumbani kwa TV ya chogo, ile ya mistari inapanda polepole

Kama kwenu kuna TV ya chogo imekaa stoo au iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa, tafadhali usiitupe na usimuuzie mtu wa skrapu, ngoja kwanza nikueleze kitu unaweza kuifanyia. Mi niko Malindi na TV kama hiyo iko sebuleni kwetu, inawaka toka asubuhi hadi watu wakalale, na haionyeshi mechi wala tamthilia, kazi yake ni ratiba tu. Mistari inapanda kutoka chini, stesheni hii ina nini sai na nusu saa ijayo ina nini, bahari inajaa saa ngapi, Magharibi inaadhiniwa saa ngapi, na nusu ya juu ya skrini zinacheza kanda za zamani za hapa nyumbani. Mgeni akiingia, salamu hazijaisha, ashasimama anangoja mstari wake ufike.

Nianze na kisa chenyewe manake bila hicho hutaelewa kwa nini huko mbele nasisitiza vitu fulani.

Mwaka 1994 shangazi yangu alikuwa anaishi Marekani na kila mtu wa huku akija likizo alikuwa anampa kanda za mieleka atuletee. Moja ilikuwa T-120 na aliirekodi kwa spidi ya EP, ile ya chini kabisa, kanda ya saa mbili inabeba saa sita. Sasa deki ikiunganishwa na boksi la kebo inarekodi chochote kile boksi linaonyesha, na yeye mieleka ilipoisha akaweka chaneli ya ratiba aone kuna nini baadaye, akasahau deki inazunguka, usingizi ukamchukua. Tukaletewa mieleka na nyuma yake karibu saa tatu za ratiba. Nyumbani hatukuweza kuiona vizuri kwa sababu kanda ya kule ni ya mfumo wa picha wa Marekani, NTSC, na deki yetu ilikuwa ya mfumo wa huku, PAL tupu, picha ilitoka nyeusi na nyeupe na inaruka juu kila saa, mpaka tulipoibeba kwenda Mombasa kwa mjomba aliyekuwa na deki ya multi, inayocheza mifumo yote miwili. Huko ndo nikaiona kwa rangi. Buluu iliyokoza, maandishi meupe na ya njano, saa zimepangwa juu, stesheni upande wa kushoto, na mistari inapanda bila haraka kabisa. Mieleka ilipoisha wenzangu walitoka kwenda mpira, mi nikabaki pale chini kwa mkeka. Hata kipindi kimoja nilikuwa sikijui lakini nilisoma kila mstari, na nilihisi nimeingizwa kwa nyumba za watu wa mji ule wote kwa pamoja, huyu anaangalia hiki, yule anasubiri kile, jioni moja. Nikachukua daftari la hesabu nikanakili kurasa mbili. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Huku kwetu ratiba ilikuwa ya gazeti. Gazeti lilikuja na basi kutoka Mombasa, kilomita kama 120, likifika vipindi vya mchana vishaanza, baba akimaliza kulisoma mama anaukata ule ukurasa wa TV anaubandika ukutani kwa uji wa ngano. KBC ilikuwa ndo imebadilisha jina juzi juzi, 1989, kabla ya hapo ilikuwa VOK, Sauti ya Kenya, na KTN ilianza 1990, kwa hiyo ukurasa wenyewe ulikuwa mdogo, lakini uliangaliwa na nyumba nzima na majirani pia. Hilo ndo nataka ulielewe. Ukiingia kutafuta kipindi chako lazima macho yapite kwa vipindi vya wenzako.

Na chaneli ile ya Marekani ilifanya kitu hicho hicho kwa kukulazimisha kungoja. Ilianza 1981, ya kampuni inaitwa United Video ya Tulsa, Oklahoma, na mwanzoni ilikuwa maandishi matupu. 1988 ikawa Prevue Guide na hapo ndo skrini ikagawanywa, juu vionjo vya filamu, chini ratiba. 1993 ikaitwa Prevue Channel, 1999 TV Guide Channel, halafu maboksi ya dijitali yakaja na ratiba ya kubonyeza kwa rimoti na ile ya kupanda ikapungua pole pole mpaka ikaisha, na tangu 2015 stesheni yenyewe inaitwa Pop, ya burudani za kawaida. Kitu kinanifurahisha zaidi ni jinsi ilivokuwa inafanya kazi: haikuwa picha moja inarushwa nchi nzima. Kila kampuni ya kebo ilikuwa na kompyuta yake ofisini kwake, Atari kwa mifumo midogo ya mwanzo na baadaye Amiga za Commodore, kwa sababu stesheni ambayo mji huu ni namba 5 mji wa pili ni namba 11. Habari za vipindi zilishuka kwa satelaiti, kompyuta inachagua za mji wake, inachora mistari, na kifaa kinaitwa genlock kinaibandika ile michoro juu ya video. Kompyuta ikikwama usiku wa manane, watu majumbani waliona boksi jekundu la Amiga limeandikwa Guru Meditation. (Na tukitaja satelaiti, sisi wa Malindi si wageni wa hayo mambo, Ngomeni hapo juu Waitaliano walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini toka 1967 mpaka 1988.)

Kwa hiyo ile ilikuwa kompyuta ndogo ya mji mmoja inaongea na mji huo tu, na hiyo ndo tunaenda kutengeneza.

TV kwanza. Tangu analojia izimwe Kenya 2015 hizi TV bila dikoda zinaonyesha chenga tu, mafundi wengi wanazo zimepangana kwa kona na watakuachia moja bila kuvutana sana kwa bei. Chukua inchi 14 au 21, kubwa zaidi ya hapo utatafuta watu wa kubeba, na ukiwa Lamu fikiria vichochoro na ngazi kabla ya kulipa. Mwambie fundi aiwashe na uketi hapo dakika kumi kamili, zingine zinawaka vizuri zikipata moto picha inajikunja pembeni au rangi zinapotea. Angalia kama ina matundu matatu ya AV, njano nyeupe nyekundu, mbele au nyuma. Na tafadhali sana usiifungue nyuma wewe mwenyewe hata kama imechomolewa ukutani, ile tyubu inashika umeme wa maelfu ya volti muda mrefu baada ya kuzimwa, hiyo mwachie fundi.

Kama haina AV usikate tamaa, tafuta deki ya VHS hata kama haishiki kanda. Deki inapokea AV kwa nyuma na inatoa kwa waya wa antena, deki nyingi za PAL zinatoa karibu na chaneli 36 ya UHF, unazungusha kinobu cha TV cha kutafutia stesheni polepole mpaka picha ije. Mi nimefanya hivo kwa Great Wall nyeusi na nyeupe ya jirani, ile ya betri ya gari, na walahi kwa ratiba inapendeza kuliko ya rangi, ila utapanga kwa mwangaza badala ya rangi.

Kompyuta: laptopu yoyote ya zamani yenye HDMI inatosha ukiongeza kile kiboksi kidogo cha kugeuza HDMI kuwa AV. Kiboksi kina kaswichi pembeni ka PAL na NTSC, weka PAL, ukiacha NTSC utapata yale yale ya kanda ya shangazi, nyeusi na nyeupe inaruka. Mi natumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, kwa sababu inakula stima kidogo na inakaa nyuma ya TV huioni. Kutoka B+ ya 2014 mpaka Pi 4 tundu la sauti ndo hilo hilo linatoa video, Pi 5 haina tundu hilo kwa hiyo usinunue mpya ukidhani ni bora. Waya wake ni wa pini yenye sehemu nne na hapa ndo watu wengi wanakwama: Pi inataka ncha iwe sauti kushoto, inayofuata sauti kulia, ya tatu ardhi, na ya mwisho kabisa video. Waya nyingi za kamera za zamani zimepangwa vingine. Ukiona hakuna picha na TV inanguruma, chomeka plagi nyekundu kwa tundu la njano ujaribu, mara nyingi picha inakuja, na ikikataa kabisa basi ardhi ya waya huo iko pahali pengine, urudishe dukani.

Kwa memori kadi fungua faili la config.txt uandike sdtv_mode=2, hiyo ni PAL, na sdtv_aspect=1 ili picha iwe ya umbo la TV ya zamani isivutwe. Pi 4 inataka pia enable_tvout=1. Haya ni ya Buster, toleo la zamani la OS ya Pi, matoleo ya baadaye yamebadilisha namna ya kuiwasha kwa hiyo mi nimebaki na hiyo na inatosha. Chomoa HDMI, ikiiona HDMI inapeleka picha huko.

Sasa ukurasa wenyewe. Kuna watu wanajenga hii kwa programu kubwa kubwa, mi nakwambia faili moja la HTML, yaani la ukurasa wa wavuti, linatosha na brauza ifunguliwe kwa skrini nzima. Gawanya mara mbili, juu video, chini ratiba. Kwa kupandisha mistari tumia tagi ya marquee, najua wenye kusomea kompyuta watasema ni ya kizamani na haifai, lakini brauza bado zinaikubali na inapanda vile vile nilivoona 1994. Weka direction iwe up na scrollamount iwe 1. Ukiacha mengine yalivyo inasogea kama nukta (pikseli) 12 kwa sekunde, mstari wa urefu wa nukta 40 unachukua kama sekunde tatu na nusu kuingia, na ukiwa na mistari 30 mzunguko mzima ni dakika mbili na kidogo. Usiongeze kasi! Kila mtu akiiona mara ya kwanza atakuambia mbona iko pole, na baada ya siku tatu hakuna anayesema tena. Dakika mbili mtu anaweza kungoja amesimama na chai mkononi. Ikifika tano ataondoka, kwa hiyo mistari isizidi sana hiyo 30.

Picha ya PAL unaihesabu 720 kwa 576 lakini TV ya chogo inakula pembeni, acha nukta 36 kila upande na kama 30 juu na chini. Unabaki na 648 upana. Mi nimegawa hivi, 135 ya jina la stesheni na safu tatu za 171, kila safu nusu saa, yaani saa moja na nusu ya ratiba kwa mpigo kama walivokuwa wakifanya wao. Herufi za ukubwa wa 26 za fonti ya mashine, zile zenye upana sawa, zinaingia kama 10 mpaka 13 tu kwa kila safu kulingana na fonti, sasa hapo ndo utajua kukata maneno. "Taarifa ya habari" haiingii, "Taarifa" inaingia. Huo ufupisho nao ni sehemu ya utamu wenyewe, usipunguze herufi ili maneno yaingie, chini ya 24 mtu mzima akiketi kwa kochi hasomi.

Mistari ya kutenganisha ifanye minene, nukta mbili au zaidi, ukichora wa nukta moja utapepesa mpaka macho yaume kwa sababu TV hizi zinachora mistari kwa zamu, moja inaruka moja. Nyekundu juu ya buluu usiweke, rangi zinavujiana. Buluu nzito chini, maandishi ya njano kwa stesheni na meupe kwa vipindi, na nyeupe yenyewe usiiweke kali kabisa, ipunguze iwe kama maziwa, TV itaacha kuvuma.

Saa! Hapa nawaomba sana. Weka saa za Kiswahili. Nilipoanza niliweka 19:00 na 19:30 kama zilivyo kwa kompyuta, mama akaangalia akasema, "Mwanangu, hii ni ratiba ya nani?" Na ni kweli, taarifa ya Kiswahili ni saa moja usiku na ya Kiingereza saa tatu, hakuna mtu nyumbani anasema vingine. Kuibadilisha ni hesabu ndogo, chukua saa ya kompyuta utoe sita, ikipita 12 toa 12, ikiwa sifuri au chini ya hapo ongeza 12. Saa 19 inakuwa 13, inakuwa 1. Kichwa cha safu kiandikwe Saa 1, Saa 1 na nusu, Saa 2, na ukurasa ujisome upya kila nusu saa.

Vipindi vyenyewe naandika kwa mkono. Ijumaa usiku naketi na simu, naangalia stesheni zimetangaza nini za wiki, naandika. Ukitaka kuweka kwa faili la pembeni kama lile la Excel ukurasa ulisome, kumbuka brauza haikubali kusoma faili la pembeni ukifungua ukurasa moja kwa moja kutoka kwa diski, utahangaika siku nzima ukidhani umekosea kuandika, dawa ni kufungua terminal kwa folda ile na kuandika python3 -m http.server halafu unafungua kupitia localhost:8000. Kwa kuanza andika mistari humo humo ndani ya HTML, achana na hayo.

Stesheni za TV hazitafika 30 na hata zikifika usijaze zote. Mi nina kumi na mbili za TV na redio nne, zilizobaki ni za mji. Bahari ina mistari miwili, kujaa na kupwa. Jedwali la maji utalipata la Kilindini au Lamu na la kwetu halitofautiani sana na hayo, na hata usipokuwa nalo siku mbili tatu unaweza kukadiria, maji yanajaa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Nyakati za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, naandika BAMVUA kwa njano. Mjomba wangu mvuvi wa jarife hapa jirani anakuja kusoma mstari huo kabla ya kwenda, simu anayo, na kila siku anakuja. Kuna mistari ya swala tano, mmoja wa ndege na mabasi, mmoja wa stima kukatwa kukiwa na tangazo, na mmoja wa khitma, arusi na maulidi ya mtaani. Huo wa mwisho ndo unaosomwa kuliko yote, na watu wanakuja kubisha hodi kuleta tangazo lao, basi uwe na kalamu na karatasi karibu na mlango. Lamu nafikiri mistari ya boti za Mokowe na Manda ingekuwa ya kwanza kabisa.

Nusu ya juu. Wao waliweka vionjo vya filamu, sisi vya nini? Hapo panataka kanda za nyumbani. Zile VHS za E-180 ziko chini ya vitanda, skukuu, matembezi ya pwani, watoto wa madrasa kwa zafe ya maulidi. Unazigeuza kwa deki nzima na kile kidude cha USB cha kunasa video. Lakini kabla hujaingiza kanda kwa deki ifungue kifuniko chake cha mbele uangalie pembeni ya utepe, joto na unyevu wa huku zinaota ukungu mweupe, na ukungu huo ukiingia kwa hedi za deki umeharibu deki na kila kanda utakayoweka baada yake. Ya ukungu weka kando, mpelekee anayejua kusafisha. Nimepoteza kanda mbili kwa haraka zangu na moja ilikuwa ya babu akisoma dua, siwezi kuipata tena popote.

Na jambo kubwa, kanda za arusi za upande wa wanawake usiweke kabisa. Sebule ni ya kila mtu, baraza iko wazi, mafundi wanaingia, na mama zetu na dada zetu walipigwa picha pale wakijua ni wao kwa wao, wamejifungua vichwa, wamepambwa. Hata kama ni ya 1991 na bibi harusi sasa ana wajukuu. Muulize mwenyewe, na akisema hapana ni hapana, na wengi watasema hapana. Ya nikaha ya wanaume msikitini haina shida.

Sauti nimeweka redio, chini chini. Video haina sauti kabisa, zikichanganyika inakuwa kelele.

Stima sasa, manake huku inakatika. Pi ikizimwa ghafla mara nyingi memori kadi inaharibika, kwa raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, kuna kitu kinaitwa overlay file system, ukimaliza kupanga kila kitu iwashe, kadi inakuwa ya kusomwa tu na stima ikatike hata mara kumi haidhuriki. Ukitaka kubadilisha ratiba Ijumaa unaizima hiyo overlay kwanza, unaandika, unaiwasha tena, ndo usumbufu wake. Fanya brauza ijifungue yenyewe kwa kiosk, yaani skrini nzima bila menyu, mashine ikiwaka, mshale wa mausi ufiche kwa programu ya unclutter, na skrini isijizime. TV nayo iwe ile ya kitufe cha kubonyeza kikakaa, siyo ya kusubiri rimoti, ili stima ikirudi kila kitu kinarudi bila mtu. Plagi za AV zifute kila miezi kadhaa, chumvi ya bahari inazifanya kijani na utaona picha inapoteza rangi ukidhani TV imekufa.

Mtoto wa dada yangu, kijana mzuri anajua haya mambo kunizidi, aliniwekea siku moja kitufe cha kusimamisha na kutafuta kwa simu, unaandika "bahari" mstari unakuja papo hapo. Ilifanya kazi vizuri sana. Nikamwomba aitoe baada ya wiki moja, kwa sababu watu waliacha kukaa. Mtu anaingia, anatafuta, anapata, anatoka. Wiki hiyo hakuna aliyejua kwamba kwa kina jirani kuna khitma mpaka ilipopita, na mstari ulikuwepo pale juu siku nne nzima. Akaelewa, akaitoa mwenyewe. Kwa hiyo usiweke kutafuta, usiweke kusimamisha, na ukishaweka sauti ya kutosha rimoti ya TV ifungie kabatini.

Kitu cha mwisho, acha mstari mmoja ambao hauna faida yoyote kwa mtu ila wewe. Mimi wa 30 nimeuandika SHANGAZI, na vipindi vyake ni vile nilivonakili kwa daftari la hesabu, Jumamosi moja ya 1994, nimevipanga viende na saa kama vilivyokuwa kwa kanda. Kanda yenyewe ilishaliwa na ukungu zamani. Shangazi alirudi nyumbani kabisa miaka michache iliyopita na siku ya kwanza alipoingia sebuleni aliketi kwa kiti cha mlangoni na buibui hajavua, anasoma mistari kama mgeni yeyote, KBC, Citizen, bahari, swala, khitma, mpaka ukapanda wake. Akanyamaza. Mama akamwita jikoni aje kunywa chai akajibu, "Ngoja, Bi, urudi tena," na tukangoja naye ile dakika mbili na kidogo.